Ulinganisho: picha za gemu za sasa na katuni za 3D za sinema, kipi kiko juu? (Nina kazi mezani, nisaidieni)

Mbuyu_wa_Nkuhungu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, Nkuhungu. Uzi huu umezaliwa na ubishi wa kwenye banda la gemu jana usiku, ila nyuma ya ubishi kuna kazi yangu, kwa hiyo naomba msiuchukulie kama porojo tupu.

Ubishi wenyewe: dogo mmoja anacheza mpira kwenye PS5, kafunga goli, kamera ikamsogelea mfungaji. Jasho linaonekana shingoni, jezi inakunjika kwapani. Jamaa mmoja akapiga meza: "Gemu zimeshazipita zile katuni za sinema. Kwisha habari yao!" Nikabisha. Tukapayuka mpaka mwenye banda akatishia kuzima runinga.

Sasa kazi. Nimepewa tenda ndogo ya katuni ya dakika 3, hadithi ya Sungura na Fisi ndani ya shamba la zabibu, ya watoto wa chekechea. Natumia Blender, programu ya kutengeneza katuni za 3D, kwenye laptopu yenye kadi ya grafiki ya GB 4. Mle ndani kuna njia mbili za kurenda, yaani za kompyuta kuchora picha ya mwisho. Kuna Eevee, inayochora chapuchapu kama gemu. Na kuna Cycles, inayofuatilia miale ya mwanga kama wanavyofanya watu wa sinema.

Wiki iliyopita nikaijaribu Cycles. Mbuyu mmoja tu, jua la saa kumi na moja jioni, kamera inauzunguka kwa sekunde 10. Kwa fremu 24 (picha moja moja) kila sekunde, hizo ni fremu 240. Kila fremu ilikula dakika 6. Saa 24 kamili! Nikaiwasha Ijumaa saa nne usiku, nikaielekezea feni ya mezani, nikalala. Jumamosi saa tisa alasiri umeme ukakatika. Betri ya laptopu yangu ni ya kuombea dua, ikazima ikiwa kwenye fremu ya 171. Na kwa ujinga wangu nilikuwa nimeiagiza iandike moja kwa moja faili la MP4. Faili halikufunguka. Fremu 170 zimekwenda na maji.

Katuni nzima ya dakika 3 ni fremu 4,320. Kwa mwendo ule ni siku 18, usiku na mchana.

Swali langu: kama kweli gemu zimezifikia katuni, najitesa nini? Si nitumie njia ya gemu nimalize? Na kama hazijazifikia, tofauti iko wapi hasa, nijue hayo masaa yote nalipia kitu gani?

KakaPedi

Mwenye banda mwenyewe nimefika, na pedi yangu moja ya kuchezea gemu iliyoangushwa jana kwenye ubishi haijalipwa.

Ushahidi wangu mfupi. Mwezi uliopita mzee mmoja anayetoka kununua mboga Majengo aliingia kukwepa jua, akakaa kwenye benchi, akaangalia mechi karibu dakika ishirini. Mwisho akaniuliza, "Hawa kocha wao ni nani siku hizi?" Alidhani ni mechi ya kweli. Nimefanya biashara hii tangu PS2, enzi watazamaji wa jukwaani walikuwa makaratasi yaliyopangwa mistari, ukisogea unaona wote wana sura moja. Leo mtu mzima anauliza kocha. Nioneshe katuni ambayo mtu ameiangalia akadhani ni kweli.

Mtani_wa_Pwani

Hivi kumbe Dodoma mna kadi za grafiki? Nilijua mna vumbi na Bunge tu.

Mbuyu_wa_Nkuhungu

Mtani, vumbi lipo, tena limo ndani ya feni ya laptopu. Changia au pita.

Binti_Makole

Kaka KakaPedi, huyo mzee aliona mechi kwa mbali, kamera iko juu jukwaani kama ya runinga. Kwa umbali ule hata mimi nadanganyika. Gemu ya mpira inaiga matangazo ya runinga, na matangazo yenyewe hayana picha ya maana sana. Hapo inalinganishwa na mtu mfupi.

Mimi nahariri video za harusi, kwa hiyo macho yangu yamezoea kutafuta makosa. Fanyeni jaribio hili bandani. Tafuteni gemu yenye mji na mvua, msimamishe mtu wenu mbele ya dimbwi. Utaona jengo la mbele limejichora kwenye maji, zuri kabisa. Sasa inamisha kamera taratibu mpaka jengo litoke juu ya kioo cha runinga, libaki dimbwi peke yake. Kwenye gemu nyingi jengo ndani ya dimbwi nalo linafutika, kama vile maji yamesahau. Sababu ni kwamba gemu haikuakisi jengo. Ilinakili sehemu ya picha iliyokuwa tayari kwenye kioo, ikaigeuza kichwa chini, ikaibandika kwenye maji. Jengo likitoka kwenye kioo, hakuna cha kunakili.

Sinema haikwami hapo kwa sababu mbili. Kwanza, inafuata mwale kutoka kwenye maji hadi kwenye jengo, hata kama jengo liko nyuma ya kamera. Pili, hii watu huisahau: mtengeneza katuni anajua kamera itasimama wapi. Nyumba anayoichora ina ukuta mmoja wa mbele tu, nyuma tupu, kwa sababu hakuna atakayekwenda nyuma. Nguvu zote anazimwaga pale jicho lako litakapokuwa. Mtengeneza gemu hajui. Wewe una pedi, unaweza kuamua kwenda kuchungulia nyuma ya pipa la taka, na lazima akute pipa lina nyuma.

KakaPedi

Nimejaribu la dimbwi. Kweli jengo limekimbia. Sasa hivi wateja wangu wameacha misheni, wote wanainamisha kamera kwenye madimbwi. Asante sana dada.

MzeeWaMiale

Vijana wangu, mmeanza vizuri. Nafundisha mambo haya chuoni hapahapa mjini, niruhusuni nirefushe kidogo.

Mnalinganisha picha kwa picha. Linganisheni kwanza muda. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 16 na nusu hivi kumaliza kila kitu: kusoma kidole chako kwenye pedi, kujua mpira uko wapi, kuchora nyasi, vivuli, jezi na hilo jasho. Ikichelewa, unaona inakwama na unatukana. Sinema haina mtu anayeisubiri mlangoni.

Toy Story ya mwaka 1995, katuni ndefu ya kwanza kuchorwa yote kwa kompyuta, ina fremu 114,240. Pixar, studio iliyoitengeneza, walikuwa na kompyuta 117 za Sun zikirenda, na kazi yote ilikula kama saa 800,000 za mashine. Gawanya: saa 7 kwa fremu kwa wastani. Ungekuwa na mashine moja, ungeimaliza baada ya miaka 91. Sasa njoo kwenye Monsters University, katuni yao ya 2013, miaka 18 baadaye, kompyuta zimeongezeka nguvu kupita kiasi. Mngetegemea fremu ichukue dakika. Ilichukua wastani wa saa 29! Muda ulipanda. Jim Blinn, mmoja wa wakongwe wa fani hii, alishaliona zamani: kompyuta ikiongezeka kasi, mchoraji anaongeza vitu, na muda wa kurenda unabaki palepale au unazidi. Ukimpa mchoraji mashine mara kumi, anakuletea manyoya mara kumi.

Katika hizo saa 29, gemu ya fremu 60 ingekuwa imeshachora fremu 6,264,000. Ndiyo maana nasema mbio zao hazifanani. Huyu anakimbia mita 100, yule anajenga nyumba.

Hayo masaa yanakwenda wapi? Sehemu kubwa ni mwanga unaodunda. Mfano wa hapa kwetu. Chukua nyumba yenye ukuta mweupe, saa nane mchana, uwanja ni udongo mwekundu. Tazama ukuta chini ya dirisha. Una wekundu. Futa kwa kitambaa, wekundu mwingine unabaki, kwa sababu si vumbi. Ni jua lililogonga udongo, likachukua rangi yake, likaruka ukutani. Ndani nako, dari ambayo haijawahi kuliona jua inang'aa kwa mwanga wa sakafu. Turner Whitted alionesha mwaka 1980 jinsi kompyuta inavyoweza kufuatilia mwale kwenye kioo na maji, na mwaka 1986 James Kajiya akaandika mlinganyo unaobeba madundo yote. Hesabu imekuwepo karibu miaka 40. Kilichokosekana ni muda wa kuikokotoa ndani ya milisekunde 16.

Gemu zilifanyaje miaka yote hiyo? Zilipika. Mwanga ulikokotolewa kiwandani kwa masaa, ukabandikwa kwenye kuta kama rangi, ukaja nao kwenye diski. Picha nzuri, lakini jua halitembei, na ukivunja ukuta mwanga wake unabaki unaelea. Mwaka 2018 ndipo Nvidia, watengenezaji wa kadi za grafiki, walipotoa kadi za RTX za majumbani zenye sehemu maalumu ya kufuatilia miale, na PS5 ilipotoka Novemba 2020 ikaja na uwezo huo. Hata hivyo gemu hutuma mwale mmoja au miwili kwa pikseli (nukta moja ya picha), picha inatoka na chembechembe kama mchele uliomwagika, halafu programu inakisia na kulainisha. Sinema hutuma mamia, pengine maelfu.

Chimwaga_3D

Shikamoo mzee. Naheshimu, ila nitakupinga kidogo, maana ukiishia hapo mleta mada atarudi kwenye siku zake 18.

Mei 2020 kampuni ya Epic walionesha Unreal Engine 5, injini yao ya gemu (programu inayoendesha na kuchora gemu), ikikimbia kwenye PS5. Kwenye pango walilolionesha, vitu vilivyowekwa vilikuwa na zaidi ya pembetatu bilioni moja (vipande vinavyounda maumbo ya 3D) katika fremu, injini inazichuja papo hapo hadi kama milioni 20 za kuchora. Hayo ya kukata umbo mpaka vipande vinakuwa vidogo kama pikseli ndiyo Pixar walikuwa wanafanya tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo upande wa maumbo, mawe, magofu, ngazi, gemu imefika. Sitaki ubishi.

Halafu swali la mleta mada ni kama njia ya gemu inaweza kutoa katuni ya maana. Jibu lipo. Flow, ile katuni ya paka na mafuriko kutoka Latvia, ya Gints Zilbalodis, ilitengenezwa kwa Blender na ikarendwa kwa Eevee. Eevee hiihii. Hawakuwa na shamba la kompyuta, yaani mashine nyingi zinazorenda pamoja. Machi 2025 ikachukua Oscar ya katuni ndefu, ikiwa imeshindana na studio zenye majengo ya ghorofa. Tena humo ndani hakuna anayesema neno, wanyama wanalia kinyama.

Ukiitazama kwa jicho la dada Binti utaona kasoro. Manyoya ya paka ni kama yamepakwa kwa brashi, vivuli vingine vinacheza. Lakini ameamua tangu mwanzo kwamba itaonekana hivyo. Hakuanza kuiga sinema ya Marekani akaishia njiani.

Na huko juu nako wamechanganya. The Lion King ya 2019, karibu kila kitu ni kompyuta, picha ya kweli ni moja tu, jua linachomoza mwanzoni. Watengenezaji walivaa miwani ya VR wakaingia ndani ya injini ya gemu, Unity, wakatembea na kamera kama wako mbugani, wakachagua pembe. Baadaye ndipo picha za mwisho zikarendwa kwa njia ya polepole. Kwa hiyo gemu ilikuwa daftari la rasimu. Kina Simba, Rafiki na Pumbaa wamebeba Kiswahili dunia nzima, na sisi tunabishania bandani.

MzeeWaMiale

Marahaba. Sijasema arudi kwenye siku 18. Umenikatiza kabla sijafika.

Mtani_wa_Pwani

Sasa naanza kuelewa. Kwa hiyo katuni ni pilau la shughuli na gemu ni chipsi mayai. Zote chakula, ila moja inasubiriwa.

Binti_Makole

Mtani kwa mara ya kwanza umesema kitu.

Mleta mada, mimi nakuuliza jambo moja. Shamba ni la zabibu, sawa. Umewahi kuishika zabibu ukaielekeza kwenye jua? Mwanga hauishii kwenye ganda. Unaingia, unazungukazunguka kwenye nyama, unatokea upande wa pili ukiwa na rangi, na mbegu unaiona kama kivuli. Sikio la mtoto akisimama mgongo kwa jua la jioni ni vilevile, linakuwa jekundu kama limewashwa kwa ndani. Hivyo ndivyo vitu vinavyoumbua njia ya haraka. Eevee ina namna yake ya kufanya mwanga upenye, lakini inakisia. Usipoangalia, zabibu zako zitakuwa shanga za plastiki na mtoto atakuwa na masikio ya mpira.

Mama_Zabibu

Habari zenu. Nimeingia kwa sababu ya neno zabibu, hayo ya kadi siyajui. Nalima Hombolo.

Mwanangu unayetengeneza katuni, nimeona watu wakichora zabibu zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Zabibu ya shambani haing'ai. Iliyoiva ina unga mweupe juu ya ganda, mwembamba, kama pumzi kwenye kioo. Ukiishika, unga unatoka na alama za vidole vyako zinabaki pale, na hapo ndipo unaona weusi wake. Sisi tukiona kichane kina alama za vidole tunajua kuna mtu kapita akidokoa. Tena ukichora shamba, usichore mti kama mwembe. Mzabibu unapandishwa kwenye nguzo na waya, vichane vinaning'inia chini ya majani, mtu anainama kuvuna. Na sisi hapa tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo fisi wako ana nafasi mbili za kuiba.

Rangi nayo: kama ni aina ya Makutupora nyekundu, ni nyeusi inayoelekea zambarau. Za divai nyeupe zinabaki kijani chenye unjano.

Mbuyu_wa_Nkuhungu

Mama shikamoo! Alama za vidole nimezichukua, hapo umenipa hadithi yenyewe. Sungura atamjua mwizi kwa alama kwenye unga wa zabibu. Nilikuwa nahangaika Fisi akamatwe vipi.

Mama_Zabibu

Marahaba mwanangu. Ukimaliza, wajukuu wapo.

MzeeWaMiale

Sasa nimalizie nilipokatizwa. Unajua kwa nini sinema ndefu ya kwanza ya Pixar, ile Toy Story, ilihusu midoli? Kompyuta za wakati ule kila kitu zilikitoa kama plastiki. Ngozi plastiki, nywele plastiki. Wakachagua hadithi ambayo wahusika wake ni plastiki kweli! Angalia viumbe hai waliomo humohumo, yule mtoto na mbwa wa jirani, wamezeeka vibaya. Midoli ingali inatazamika hadi leo. Hata Kingdom Hearts III, gemu ya 2019, ilipoingiza ulimwengu wa midoli hao, ilikuwa inachora papo hapo kitu kinachokaribiana na kilichokula saa 7 kwa fremu mwaka 1995. Plastiki ni rahisi kuifikia.

Kinyume chake kilitokea 2001. Kampuni ya Square ya Japani, watu wa gemu hasa, walitoa Final Fantasy: The Spirits Within, wakitaka binadamu kamili wa kompyuta. Mhusika mkuu peke yake alikuwa na nywele kama 60,000. Ngozi ina vinyweleo, kila kitu kipo, na macho yamekufa. Watazamaji wakakaa pembeni, fedha nyingi zikapotea. Mjapani Masahiro Mori alishaandika mwaka 1970, kuhusu maroboti, kwamba kitu kikikaribia sana kufanana na mtu bila kufika, kinatisha kuliko kisichofanana kabisa. KakaPedi, mchezaji wako mwenye jasho akianza kutabasamu mbele ya kamera, watoto wanasemaje?

KakaPedi

Wanacheka mzee. Wanasema "zombi". Hapo umenipata.

Lakini ngoja. Kama midoli ilifaa kwa sababu ya plastiki, si huyu ndugu yetu amfanye Fisi wa kinyago? Wa mti. Wa kuchonga. Unaona patasi ilivyopita, hana manyoya hata moja. Sungura naye wa mti, masikio yameunganishwa kwa kamba. Mti mwanga hauingii ndani, au naongopa?

Binti_Makole

Huongopi. Nimekaa hapa nahesabu miale, na jibu limetoka kwa mtu wa pedi.

Chimwaga_3D

Nakazia. Manyoya yangekuua. Sulley wa Monsters, Inc. ya 2001 alikuwa na nywele milioni 2.3, na studio nzima nyuma yake. Kwa GB 4 zako ungeweka robo ya mkia wa Fisi na Blender ikafunga duka.

Mambo ya vitendo sasa, kaka Mbuyu:

Usirende MP4 tena maishani mwako. Renda PNG, fremu moja faili moja. Umeme ukikatika, zilizokwisha kuandikwa zipo. Ondoa tiki ya Overwrite, ukiwasha tena inaruka zilizopo inaendelea na zilizobaki. MP4 unaunganisha mwishoni, dakika chache.

Kwenye Cycles, dakika 6 ni kwa sababu umeacha sampuli nyingi, yaani miale inayotumwa kwa kila pikseli. Shusha, halafu washa Denoise, inayolainisha chembechembe. Ni kukisia kulekule anakokusema mzee kwenye gemu, na siku hizi watu wa sinema nao wanakisia. Ila usishushe mno, majani ya mzabibu yatalainika kama yameloweshwa.

Na safisha hiyo feni.

Mtani_wa_Pwani

Vumbi nilisema mapema, mkanidharau.

Mbuyu_wa_Nkuhungu

Wakuu, mrejesho baada ya siku nne.

Feni nimeisafisha kwa brashi ya rangi, kilichotoka kingejaza kijiko. Mbuyu uleule nimeurudia kwa Eevee, fremu 240, sekunde 5 kila moja. Dakika 20. Nikauweka kando ya ile fremu moja ya Cycles niliyokuwa nimeihifadhi kama picha. Mti wenyewe haunipi shida, gome liko vizuri. Tofauti niliiona chini ya matawi. Kwenye Cycles shina lina wekundu wa udongo mpaka urefu wa goti, ule wa mzee. Kwenye Eevee shina ni la kijivu, limesimama kama limebandikwa juu ya ardhi. Nikaongeza taa moja nyekundu hafifu, nikaiweka chini ikiangalia juu. Uongo mtupu, lakini mbuyu umekaa ardhini sasa. Mdogo wangu nilimwonesha zote mbili, akachagua ya taa.

Fisi ni wa mti. Nimemwachia alama za patasi mgongoni na ufa mmoja kwenye taya, akifungua mdomo ufa unatanuka kidogo. Sijawahi kumpenda mhusika wangu hivi. Sungura bado, masikio yananisumbua.

Uamuzi: katuni yote Eevee, isipokuwa sehemu mbili. Ya kwanza, sekunde 4, kichane cha zabibu kimeelekea jua na alama ya kidole inaonekana kwenye unga. Ya pili, sekunde 5, mtoto pekee aliyemo kwenye hadithi anageuka, jua liko nyuma ya sikio. Sekunde 9, fremu 216. Nimeshusha sampuli na kuwasha Denoise, sasa ni sekunde 70 kwa fremu, jumla saa nne na dakika 12. Hizo ndizo nitakazolipia.

KakaPedi, pedi yako nakuletea Jumamosi. Nikimaliza nije nioneshe bandani kabla mechi hazijaanza?

KakaPedi

Njoo nayo kwenye flashi, saa nne asubuhi watoto ni wengi. Fisi akiwatisha, utanunua soda.

Binti_Makole

Sauti umeifikiria? Usije ukaweka masaa yote kwenye sikio la mtoto halafu Fisi akaongea kama yuko ndani ya pipa. Nina maiki, nipitie.

Mbuyu_wa_Nkuhungu

Nitakupitia dada, ahsante.

Niliwasha ile ya zabibu na sikio saa kumi na mbili jioni hii. Umeme umekatika saa mbili kasoro kidogo. Nimehesabu folda kwa tochi ya simu: PNG 98, zote zinafunguka. Nasubiri.